Uzi: Breketi ya mota inatetemeka. Nibadilishe malighafi, au nibadilishe njia ya kuitengeneza?

Mkanda_Legevu

Habari za kazi wakuu. Naomba mawazo yenu kabla sijaingia hasara.

Nina mashine ya kubebeka inayoendeshwa na mota ya kilo 12, mizunguko 2,900 kwa dakika, kupitia mkanda mmoja. Mota imekaa kwenye breketi ambayo kwa sasa ni bamba tupu la chuma laini: unene milimita 10, upana 120, na limechomoza milimita 180 kutoka kwenye fremu. Upande mmoja umefungwa kwa bolti nne, upande wa pili unaning'inia na mota juu yake. Nikijumlisha uzito wa mota na mvuto wa mkanda napata kama nyutoni 400 kuelekea chini.

Shida ni mbili. Mashine ikishika kasi yake breketi inatetemeka mpaka mkanda unataka kuruka. Halafu ni nzito, na mashine yenyewe inabebwa na watu.

Kila niliyemuuliza ana dawa yake. Mmoja kasema nitafute chuma chenye nguvu zaidi. Mwingine kasema alumini ya 7075 ichongwe kwa CNC, mashine inayoongozwa na kompyuta, kutoka kwenye bonge zima. Wa tatu anasema nisubu, yaani nimimine metali iliyoyeyuka kwenye kalibu. Nahitaji vipande 40 kwa kuanzia, kisha 400, na mambo yakienda vizuri elfu kadhaa.

Nichague ipi?

Rada_77

7075 mkuu. Ndiyo inayotumika kwenye ndege. Chonga, funga, sahau.

Mzee_Kereza

Rada, ndege ina sababu zake.

Kijana, maelezo yako ni mazuri kuliko mengi yanayoletwa humu, umetupa vipimo na idadi. Ila ulipofika kwenye maamuzi ukaruka moja kwa moja kwenye majina ya malighafi. Weka majina pembeni kidogo. Tujiulize kwanza kipande hiki kikishindwa, kinashindwa vipi. Kinavunjika? Kinapinda na kubaki kimepinda? Kinaliwa na kutu? Wewe umesema kinatetemeka. Hukusema kimevunjika wala kukunjika. Kwa hiyo tatizo lako si nguvu, ni ukakamavu, yaani jinsi kipande kinavyokataa kupinda, na hivi viwili watu huvichanganya kila siku.

Piga hesabu nami. Bamba la 120 kwa 10, limeshikwa upande mmoja, nyutoni 400 kwenye ncha ya milimita 180. Mkazo mkubwa kabisa pale kwenye mzizi ni megapaskali 36 hivi. Chuma laini cha daraja la S275 hakianzi kukunjika moja kwa moja mpaka kifike 275. Yaani unatumia asilimia 13 tu ya uwezo wake. Aliyekushauri ununue chuma chenye nguvu zaidi anataka ulipie nguvu ambayo hata hii uliyonayo huitumii.

Sasa angalia kupinda. Ncha inashuka kama milimita 0.39. Kiasi hicho kinaamuliwa na umbo la kipande pamoja na moduli ya Young (kipimo cha ukakamavu wa malighafi yenyewe), na moduli ya chuma ni gigapaskali 200 hadi 210 kwa karibu vyuma vyote: chuma laini, chuma cha springi, chuma kilichozimwa kwa mafuta kikawa kigumu kama tupa. Ukikipasha moto na kukizima unakiongezea ugumu na nguvu, lakini kitapinda kiasi kilekile chini ya mzigo uleule. Chuma cha bei mbaya kitatetemeka sawasawa na cha bei rahisi.

Na mtetemo wenyewe hauna uchawi. Chukua uzito wa mota peke yake, nyutoni 118. Unaishusha ncha kwa milimita 0.115. Kutokana na hapo masafa ya asili ya mfumo wako, yaani mara ngapi kwa sekunde unatikisika wenyewe ukiguswa, ni karibu hezi 46. Mota yako inazunguka mara 2,900 kwa dakika, ambayo ni hezi 48. Unaona? Kila mzunguko wa mota unalisukuma bamba pale pale linapopenda kusukumwa. Kwenye mashine halisi namba itakuwa chini kidogo kwa sababu fremu na bolti navyo vinalegea, lakini mko jirani mno.

Rada anataka 7075. Moduli yake ni kama gigapaskali 71, theluthi ya chuma. Ukiweka bamba lilelile la milimita 10, ncha itashuka milimita 1.1 na masafa yatashuka hadi 27 au 28. Hapo kila ukiwasha mota itapita katikati ya mtetemo mkubwa ikipanda, na itapita tena ikizimwa. Ukitaka alumini ifikie ukakamavu wa chuma chako cha milimita 10, unene lazima uwe 14.2. Uzito utapungua kutoka kilo 1.70 hadi 0.83, hilo zuri. Lakini ukakamavu ni uleule, mzigo ni uleule, masafa ni yaleyale 46. Utakuwa umenunua tatizo lako upya, safari hii kwa alumini.

Naendelea baadaye, kuna shafti iko kwenye mashine.

Mkanda_Legevu

Mzee shikamoo. Hapo kwenye hezi 46 na 48 umenimaliza. Kwa hiyo nifanyeje, niongeze unene wa chuma? Uzito je?

KataMoja

Wakati tunamsubiri Mzee, niitetee CNC kidogo. Kwa vipande 40 huhitaji kalibu wala zana maalumu. Unatuma faili, mashine inakata, kesho ukibadilisha mawazo unabadilisha faili. Kwa kazi ya kujaribu hakuna njia rahisi kuliko hii. Na ukiwa na CNC unaweza kuchonga mbavu chini ya bamba ukapata ukakamavu bila uzito.

Mzee_Kereza

Marahaba kijana.

KataMoja kagusa penyewe aliposema mbavu. Dawa iko kwenye umbo. Unene wa bamba huingia kwenye ukakamavu kwa kipeo cha tatu: ukizidisha unene mara mbili, ukakamavu unapanda mara nane. Lakini hakuna anayekulazimisha kujaza unene wote kwa chuma. Chuma kilicho katikati ya unene hakifanyi kazi yoyote ya maana kwenye kupinda, kazi iko juu kabisa na chini kabisa.

Kwa hiyo chukua bamba la milimita 3 badala ya 10. Likunje kingo mbili ziende chini, upate umbo la U lenye mgongo wa milimita 120 na kuta za milimita 40. Nimeipiga hesabu mara mbili kwa sababu jibu la kwanza lilinifurahisha mno: ukakamavu ni mara nane ya bamba lako la sasa. Ncha inashuka milimita 0.05 tu. Masafa ya asili yanapanda hadi karibu hezi 130, mbali kabisa na 48. Na uzito ni kilo 0.82.

Linganisha hiyo na ile alumini ya milimita 14.2 iliyokuwa na kilo 0.83. Uzito mmoja, ukakamavu tofauti mara nane. Na hiki ni chuma laini cha kawaida, kinachopatikana, kinachokatwa kwa leza, kinachokunjwa na yeyote mwenye mashine ya kukunjia bamba, kinachochomelewa bila masharti.

KataMoja, ukitaka kuchonga umbo hilohilo kutoka kwenye bonge la 120 kwa 180 kwa 40, asilimia 88 ya bonge inageuka mabaki chini ya mashine. Mtu analipa chuma, analipa saa za mashine, halafu anauza mabaki kwa kilo. Kwenye vipande viwili vya majaribio sina ugomvi. Kwenye 400 nina ugomvi.

KataMoja

Asilimia 88, sawa, nimekaa chini 😅. Ila wanaotengeneza sehemu za ndege huchonga mpaka ibaki chini ya moja ya kumi ya bonge, na wanaridhika.

Mzee_Kereza

Wanaridhika kwa sababu kila kilo wanayoipunguza inaokoa mafuta kwa miaka yote ambayo ndege itaruka. Breketi ya kijana itabebwa kutoka kwenye gari hadi kwenye kivuli.

Tanuru

Naomba na sisi wa kusubu tusikike, maana tumetajwa kwenye swali halafu tumesahauliwa.

Kusubu kwa kalibu ya mchanga ni kuzuri pale umbo linapokuwa tata: nyumba ya pampu, kava la gia, kitu chenye njia za ndani na unene unaobadilika. Hapo hakuna kukunja bamba kutakakokufikisha. Lakini mtu anayeniletea mchoro aliouchora kwa ajili ya CNC na kuniambia "subu hii" ananipa kazi mbili. Metali ikipoa inasinyaa. Alumini asilimia 1.3 hivi, chuma cha kusubu (kile chenye kaboni nyingi) karibu 1, chuma cha kawaida kama 2. Kielelezo, yaani mfano unaoacha umbo lake kwenye mchanga, lazima kiwe kikubwa zaidi kwa kiasi hicho. Kuta zinatakiwa zilale kidogo, digrii moja au mbili, ili kielelezo kitoke kwenye mchanga bila kuubomoa. Kona kali za ndani lazima ziwe za mviringo, la sivyo zinapasuka wakati wa kupoa. Na popote unapotaka uso ulionyooka, uniachie milimita 2 au 3 za kuchonga baadaye.

Halafu unene. Ukiniletea ukuta wa milimita 3 unaoungana na kitako cha milimita 30, kitako kitapoa mwisho na kitavuta metali kutoka kwa jirani zake. Ukikikata utakuta uwazi ndani.

Ile ya kusubu kwa shinikizo, ambapo metali inasukumwa ndani ya kalibu ya chuma, inatoa kuta nyembamba na uso msafi, lakini ni ya zinki, alumini na magnesiamu. Zinki inayeyuka kwenye digrii 420, alumini 660. Chuma kinahitaji zaidi ya 1,500, kalibu gani itavumilia hiyo mara elfu kumi?

Kwa breketi ya ndugu yetu, nasema wazi ingawa nakosa kazi: asisubu. Atalipa kielelezo, kisha atalipa kuchonga nyuso mbili na kutoboa, na atapata kitu kizito kuliko bamba lililokunjwa.

Rada_77

Basi akunje alumini! Umbo la Mzee, malighafi yangu. Kila mtu anafurahi.

Mzee_Kereza

Hilo si wazo baya hata kidogo, na nilikuwa nasubiri nani ataliuliza. Umbo lilelile kwa alumini ya milimita 3 lina uzito wa kilo 0.28. Ncha inashuka kama milimita 0.14, masafa yanakuwa karibu hezi 78. Bado uko juu ya 48, ingawa ukikumbuka kwamba fremu italegea kidogo, nafasi inaanza kuwa finyu. Ningeenda milimita 4.

Lakini si 7075. Hiyo haikunjiki ikiwa imeshatiwa ugumu, na kuichomelea ni kujitafutia nyufa. Hata alumini ya 6061-T6 ambayo wengi wanaipenda hupasuka kwenye kona ukiikunja kwa nusu kipenyo kidogo. Ya kukunja ni alumini ya 5052. Haina nguvu ya kutisha, ila tumeshaona kwamba nguvu si shida yetu.

Kinachonisumbua ni mota inayotetemesha kipande siku nzima. Chuma kina kiwango cha mkazo ambacho ukikaa chini yake, kwa makadirio nusu ya mkazo wa kukivunja, kinaweza kutikiswa mamilioni kwa mamilioni ya mara bila kupata ufa. Alumini haina sakafu hiyo. Mkazo ukiwa mdogo inadumu sana, lakini hesabu yake inaendelea kwenda, na tundu lililotobolewa ovyo karibu na kona ndipo ufa utaanzia. Kwa hiyo ukichagua alumini, lainisha kingo za matundu na uangalie kona.

Kama nusu kilo ni muhimu kwako, hii ndiyo njia. Kama si muhimu, chuma.

Chapa3D

Mbona hakuna aliyetaja printa ya 3D? Nachapa breketi hii usiku mmoja.

Nailoni_Kavu

Chapa3D, mimi ni mtu wa plastiki na hata mimi naogopa. Mwili wa mota ikifanya kazi unafika kwa urahisi digrii 60 au 70. PLA, plastiki ya kawaida ya printa, inaanza kulegea kwenye 60. Na hata isipolegea, plastiki ikibebeshwa mzigo wa kudumu inaendelea kupinda polepole wiki kwa wiki. Mkanda utalegea bila mtu kuugusa.

Nailoni yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo ni bora zaidi, moduli yake ikiwa kavu ni gigapaskali 9 hadi 10. Lakini hiyo bado ni moja ya ishirini ya chuma, na nailoni inakunywa unyevu wa hewa, ikishakunywa inalainika na vipimo vinabadilika. Kwa gia ndogo au bushi inayohitaji vipimo vitulie, mimi hupendelea asetali, plastiki nyingine ngumu, haishiki maji sana.

Kudunga plastiki kwenye kalibu kunaanza kuwa na maana kwenye maelfu ya vipande, na kwa sehemu ambazo plastiki inazifaa: kava la mkanda, kwa mfano. Kijana, lile kava lako ni la plastiki au bati?

Mkanda_Legevu

Bati. Hilo tuliache kwa leo, ndugu, nisije nikafungua uzi mwingine ndani ya uzi.

Chapa3D

Sikumaanisha itumike kazini. Namaanisha chapa moja ya plastiki, ifunge kwenye mashine bila kuwasha, uone kama spana inaingia kwenye bolti na kama mkanda unagusa ukuta. Kuta za milimita 40 zinazoshuka chini zinaweza kugongana na kitu ambacho bamba lilikuwa halikigusi.

Mzee_Kereza

Hapo umenena. Spana isiyoingia imeua michoro mingi mizuri.

Dada_Venia

Mimi kazi yangu ni kupima vipande vilivyokwisha kutengenezwa, kwa hiyo naingilia kabla mchoro haujatoka.

Ndugu Mkanda, utakapochora usiandike toleransi (kosa linaloruhusiwa) ya milimita ±0.01 kila mahali kwa sababu programu imekuwekea hivyo. Nakataa vipande vizima kila wiki kwa ajili ya vipimo ambavyo havina kazi yoyote. Jiulize ni vipimo vipi vinagusana na kitu kingine. Kwako ni vitatu tu: umbali kati ya matundu ya mota, umbali kati ya matundu ya fremu, na mota kukaa sambamba na puli ya pili. Vingine vyote, urefu wa ukuta, upana wa mgongo, hata vikitofautiana kwa nusu milimita hakuna atakayejua.

Na hapa toleransi inaungana na njia ya kutengeneza. Leza inakupa matundu yaliyo kwenye uso mmoja kwa usahihi wa milimita 0.1 au zaidi kidogo, bila gharama ya ziada. Lakini umbali wa tundu lililo upande mmoja wa kona hadi tundu lililo upande wa pili unabeba makosa ya kukunja, labda 0.3, labda 0.5. Kwa hiyo matundu yanayohitaji kuelewana yaweke uso mmoja. Yakishindikana, lifanye moja liwe tundu refu. Mota ya mkanda inahitaji matundu marefu hata hivyo ili uweze kukaza.

Kwa mfano wa mahali ambapo usahihi una kazi: shafti ya milimita 25 inayozunguka ndani ya bushi. Tundu la daraja la usahihi H7 linaruhusiwa kuzidi kwa milimita 0.021 na lisipungue hata kidogo, shafti ya daraja la g6 inapungua kati ya 0.007 na 0.020. Hapo uwazi mdogo ndio unaofanya kazi, na unalipa kukereza kwa makini kisha kusaga. Ukiandika H7 kwenye tundu la kupitisha bolti ya milimita 8, umelipia kitu ambacho bolti haitakishukuru.

Mkanda_Legevu

Dada umenifungua macho. Mchoro wangu wa sasa una ±0.05 kila sehemu 🙈

Sasa niwaulize kuhusu idadi. 40, 400, elfu kadhaa. Njia ni moja kwa zote?

Mzee_Kereza

Idadi ndiyo yenye kauli ya mwisho, kwa hiyo tuipigie hesabu. Sitaji fedha, natumia uniti za kubuni, wewe weka za kwako.

Gharama ya kipande kimoja ni malighafi yake, pamoja na saa za mashine na mtu, pamoja na zana maalumu zikigawanywa kwa idadi ya vipande. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowadanganya watu.

Tuseme kukata kwa leza na kukunja kunahitaji uniti 30 za maandalizi, na kila kipande 12. Kusubu kunahitaji kielelezo cha 600, kila kipande 9. Ukiishia hapo utasema kusubu kunashinda baada ya vipande 190. Lakini Tanuru kakwambia kuna kuchonga baadaye: ongeza 5, kipande kinakuwa 14. Sasa kusubu hakushindi kamwe, hata ukitengeneza milioni. Ndiyo maana nasema usilinganishe njia kwa hatua ya kwanza tu, fuata kipande mpaka kiingie kwenye mashine kimepakwa rangi.

Halafu kuna kupiga kwa dai, zana ya chuma iliyotengenezwa kwa umbo la kipande chako, kwenye mashine ya shinikizo: kukata, kutoboa na kukunja kwa mapigo machache. Dai ni uniti 8,000, kipande 4. Inakutana na leza karibu na kipande cha 1,000. Chini ya hapo leza, juu ya hapo dai. Kwa hiyo 40 na 400 ni njia moja. Elfu kadhaa ni njia nyingine, lakini umbo na malighafi ni zilezile. Hiyo ni faida kubwa, kwa sababu majaribio utakayofanya kwenye 40 za kwanza yatabaki na maana utakapofika elfu tatu. Ungeanza na alumini ya kuchonga halafu ukahamia kusubu, ungelazimika kujaribu kila kitu upya.

Jambo moja zaidi: usinunue dai mapema. Mchoro utabadilika. Leza haijali, dai linajali.

Rada_77

Mzee, swali la pembeni. Umesema nguvu si shida yetu. Kuna wakati nguvu kwenye karatasi ipo na kipande bado kinavunjika?

Mzee_Kereza

Upo. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta ya Schenectady ilikuwa imefungwa gatini Portland, Oregon, Marekani, maji yametulia, meli mpya kabisa. Ikapasuka karibu vipande viwili kwa kishindo. Mzigo haukuwa umepita nguvu ya chuma. Chuma cha wakati ule kilikuwa kinakuwa chepesi kuvunjika kwenye baridi, na meli ilikuwa imechomelewa badala ya kufungwa kwa ribiti, kwa hiyo ufa ulioanza kwenye kona au kwenye uchomeleaji mbaya haukukuta mahali pa kusimama. Meli nyingine za vita vile zilipata nyufa za namna hiyo.

Kwa hiyo kuna nguvu, kuna ukakamavu, kuna ugumu wa uso, na kuna uwezo wa kuuzuia ufa usitembee. Hivyo ni vitu vinne, na ukiongeza kimoja mara nyingi unapunguza kingine. Ukikizima chuma kikawa kigumu sana kisha usikirudishie moto, kinavunjika kama kioo. Bei, uzito na kutu ni maswali mengine juu ya hayo.

Tanuru

Ongeza na kutu basi, maana kijana hajasema mashine inakaa wapi.

Mkanda_Legevu

Nje mara nyingi. Mvua inaipata.

Tanuru

Basi chuma kipakwe. Rangi ya unga inayookwa inatosha kama kingo hazina makali. Kuzamisha kwenye zinki iliyoyeyuka kunadumu zaidi, lakini ile ni digrii 450, bamba jembamba linaweza kupinda na matundu yakawa madogo. Ukienda kwa alumini, usifunge bolti za stenlesi kwa wingi moja kwa moja mahali pa maji ya chumvi. Alumini ndiyo italiwa.

Dada_Venia

Na nyuzi! Usitengeneze nyuzi za M8 (za bolti ya milimita 8) ndani ya bamba la milimita 3. Umbali kati ya uzi na uzi ni milimita 1.25, kwa hiyo utapata nyuzi mbili na kidogo. Mtu akikaza mara mbili zimeng'oka. Chomelea nati upande wa pili, au tumia nati ya kubana kama ribiti.

Mkanda_Legevu

Nimerudi. Nilichapa ya plastiki kama alivyosema Chapa3D. Ukuta wa upande wa puli ulikuwa unagusa mkanda. Nimeukata kona kwa mshazari, nikaacha urefu kamili pale kwenye mzizi. Kisha nimekunja moja ya chuma cha milimita 3 na kuifunga.

Mkanda umetulia. Nimeweka bilauri ya maji juu ya breketi na maji yanatikisika kidogo tu, zamani yangemwagika. Kuna mlio mdogo uliobaki, ila unatoka kwenye fremu.

Mzee_Kereza

Kukata mshazari ni sahihi, mzigo wa kupinda uko mkubwa kwenye mzizi na unapungua kuelekea ncha. Umeondoa chuma pasipokuwa na kazi.

Mlio wa fremu tafuta pale breketi inapogusa. Kama bolti nne zimefungwa kwenye bamba jembamba la fremu, sasa fremu ndiyo dhaifu kuliko vyote. Weka bamba la kuimarisha nyuma yake.

Mkanda_Legevu

Sawa Mzee. Swali la mwisho kabla sijatuma kazi ya 40. Nimtumie mkunjaji mchoro wa bamba likiwa bado bapa, au likiwa limeshakunjwa?

Dada_Venia

Likiwa limekunjwa, na vipimo vya nje, na umwandikie nusu kipenyo cha ndani cha kona kiwe milimita 3. Bamba likikunjwa upande wa nje wa kona unavutika na wa ndani unabanwa, kwa hiyo urefu wa bapa haulingani na jumla ya pande. Unategemea zana zake, na yeye ndiye anayezijua. Ukimtumia bapa uliyoipiga hesabu mwenyewe na ikatoka fupi kwa milimita moja, kosa ni lako.

Mzee_Kereza

Na matundu yakae angalau milimita 10 au 11 kutoka kwenye kona, yasivutike yakawa mayai. Agiza mbili kwanza, zipime na dada, halafu ruhusu 38 zilizobaki.